Konseto ya obo iliyokosa pa kupumulia

Kisa hiki kinahusu kazi moja tu: konseto, yaani kazi ambamo ala moja hutangulia na okestra huisindikiza, ya obo (ala ya kupuliza) na okestra, yenye sehemu tatu, iliyoandikwa na kufanyiwa mazoezi hapa Nairobi. Mtunzi ni mwalimu wa muziki katika shule ya upili, mzaliwa wa Kwale. Mpigaji wa obo ni binti wa Eastlands aliyejifunzia ala hiyo katika okestra ya vijana, na sasa hupigia okestra moja ya hiari jijini, zile ambamo daktari wa meno anashika selo ubavuni mwa mwanafunzi wa chuo. Majina yao nimeyaacha. Mimi hupanga na kusafisha nota za watunzi wengine, na katika okestra hiyo hukaa na viola. Kwa hiyo zoezi la kwanza lilipokwenda mrama nililisikia kutoka katikati kabisa, mahali ambapo hakuna kinachofichika.

Alichokitaka Mwalimu kilikuwa wazi. Alitaka sengenya. Kwao Wadigo na jirani zao Waduruma, ngoma hiyo huongozwa na nzumari: ngoma zinapokezana chini, upatu unalia, na juu yake nzumari inasuka lahani isiyokatika. Msikilizaji hangoji mwisho wa sentensi kwa sababu mwisho hauji. Mwalimu alikulia ndani ya sauti hiyo, na alipoamua kuandika konseto hakufikiria fidla wala piano. Akaiendea obo, na hapo hakukosea hata kidogo. Katika okestra nzima hakuna ala iliyo karibu zaidi na nzumari. Zote mbili hupigwa kwa tete mbili zinazogusana, ambazo wapigaji wa Nairobi huziita ridi, na zote zina mwanzi unaopanuka kuelekea mdomoni mwa ala.

Lakini udugu huo una mpaka, na kisa chote kimelala juu ya mpaka huo.

Mpiga nzumari huiingiza ridi yote kinywani, midomo ikiegemea kisahani kilicho chini ya ridi, mashavu yakivimba. Mashavu ndiyo ghala. Hewa iliyomo mashavuni inasukumwa nje huku nyingine ikiingia kwa pua, na sauti inaendelea. Ni sauti kali ya kiwango kimoja, haijui kunong'ona, na haina haja ya kunong'ona maana kazi yake ni kusikika uwanjani juu ya ngoma. Mpiga obo naye huibana ridi kwa midomo. Kwa kuibana hivyo anaweza kuipunguza sauti, kuikunja, kuitia kiza. Gharama yake ni kwamba tundu la ridi ya obo ni jembamba mno: hewa inayopita ni kidogo sana na nguvu ya kuisukuma ni kubwa. Watu hudhani mpiga obo huishiwa hewa. Hapana, anazidiwa nayo. Mapafu hubaki yamejaa hewa iliyokwisha kutumika, na kifua hudai kutoa kabla hakijadai kuvuta. Ukimwandikia mpiga filimbi pumziko fupi, atavuta na kuendelea. Ukimwandikia mpiga obo pumziko lilelile, amepata nusu tu ya anachohitaji.

Sasa zoezi lenyewe. Jumamosi, ukumbi wa kanisa kando ya Ngong Road, mvua imekazana juu ya mabati, na nusu ya safu ya fidla imekwama Thika Road. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa na obo juu ya mlio mmoja mrefu wa selo, kisha okestra ikaingia ala baada ya ala. Obo ilikuwa imeandikiwa vipimo 44 bila pumziko hata moja. Mwendo ulikuwa mapigo 88 kwa dakika, mapigo 4 kwa kila kipimo. Piga hesabu: mapigo 176, dakika 2 kamili za kupuliza bila kituo. Dada yetu alifika kipimo cha 19, karibu sekunde 52, akaishusha obo na kutoa pumzi kwa kishindo hadi wa fidla wakageuka.

"Mwalimu, hapa napumua wapi?"

"Mwanangu, kwani wazee wa kwetu wanapumua wapi?"

"Wazee wenu hawakupewa obo, Mwalimu."

Watu walicheka, Mwalimu hakucheka. Alirudia swali lake wakati wa chai, safari hii kwangu, na nikaona kwamba halikuwa swali la ujeuri. Kwa maisha yake yote alikuwa ameiona kazi hiyo ikifanywa na binadamu wenye pua na mapafu. Aliongezea ushahidi mwingine: kompyuta. Programu aliyoandikia nota ilikuwa imempigia vipimo vyote 44 usiku baada ya usiku, tena vizuri. Nikamwomba anionyeshe. Kwenye skrini alikuwa ameipandisha sauti ya obo na kuishusha ya wengine wote mpaka akaridhika. Yaani alikuwa amesawazisha okestra kwa kidole. Huu ndio ugonjwa mkubwa ninaouona kwa watunzi wetu wa siku hizi, kuliko hata hamonia mbovu: wanaandikia masikio ya kuvaa kichwani, halafu wanashangaa ukumbi unapokataa.

Kuhusu pumzi, hoja ya kwanza iliyotolewa ilikuwa kwamba dada ajifunze kuzungusha pumzi kama wapiga nzumari. Hilo linawezekana kwenye obo. Heinz Holliger, mpiga obo wa Uswisi, amejulikana kwa hilo, na wapigaji wengi wa kulipwa hulifanya. Mwongozaji wetu alilipenda wazo hilo kwa sababu lilikuwa halimdai chochote. Mimi sikulipenda. Kuzungusha pumzi ni kuongeza hewa kwa pua wakati mashavu yanasukuma. Kwa nzumari yenye tete pana inayomeza hewa nyingi, unajaza kinachopungua. Kwenye obo unamimina ndani ya chombo ambacho tayari kimejaa. Mtu aliyeizoea atakwenda mbali, naam, lakini ile haja ya kutoa haiondoki, inaahirishwa.

Tena tuko Nairobi. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na Mombasa. Kila pumzi ina oksijeni kidogo zaidi. Ridi nazo hulalamika. Obo yenyewe huchongwa kwa mpingo, mti wetu wa Afrika Mashariki, lakini ridi hutengenezwa kwa tete za *Arundo donax*, na zinazosifiwa zaidi hutoka kusini mwa Ufaransa. Ridi iliyokamilishwa chini karibu na bahari, ikifika huku juu hukaza na kuwa nzito kuitikia. Dada huzikwangua upya kwa kisu kidogo, ncha kwanza, kidogo kidogo, akijaribu kila baada ya mikwaruzo michache. Ukizidisha mkwaruzo mmoja umetupa ridi. Wazee wa Kwale hawakupiga wakiwa juu huku, na hilo lilikuwa jambo la kwanza lililomfanya Mwalimu anyamaze kidogo.

Alinyamaza hadi Jumanne. Jumanne alinipigia simu akiwa na hoja nzito: Richard Strauss, mtunzi wa Ujerumani.

Konseto ya obo ya Strauss ni ya mwaka 1945. Vita vya Ulaya vimekwisha, Strauss, sasa mzee, anaishi Garmisch, kusini mwa Ujerumani, na miongoni mwa wanajeshi wa Marekani wanaomtembelea yumo John de Lancie, ambaye kabla ya vita alikuwa mpiga obo wa okestra ya Pittsburgh. De Lancie akamuuliza kama amewahi kufikiria kuandika konseto ya obo. Jibu likawa la, basi. Baadaye kidogo Strauss akaiandika, na ikapigwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1946. Inavyoanza: selo zinatikisa noti chache, obo inaingia, na haiachi kwa zaidi ya vipimo 50. "Sasa mbona yeye aliruhusiwa?" Mwalimu akauliza.

Swali zuri, na nililijibu nikiwa na nota mkononi. Kwanza, ufunguzi huo unaogopwa na wapiga obo wa dunia nzima mpaka leo. Si mfano wa kawaida, ni mtihani. Pili, lahani ya Strauss ina mishono. Kuna noti ndefu ambazo mpigaji akizikata mkia kidogo hakuna atakayeona, na pale anaponyakua pumzi, fidla zinakuwa zinasema jambo linalovuta sikio. Lahani ya Mwalimu ilikuwa noti fupifupi za haraka mfululizo, kama ilivyo ya nzumari, na ukidondosha moja tu pengo linaonekana. Tatu, na hii ndiyo niliyoiona nzito zaidi, okestra ya Strauss mahali pale ni nyepesi. Ya kwetu ilikuwa na trombono kuanzia kipimo cha 12.

Dada alitaka suluhisho rahisi: mapumziko matatu marefu, mambo yaishe. Mwalimu alikataa katakata. "Ukikata hapo si sengenya tena, ni wimbo wa mashindano ya shule." Na hapo nilikuwa upande wake. Ladha ya kazi ilikuwa katika kutokatika. Nilichomwambia ni kwamba kutokatika ni mali ya sikio la msikilizaji, si lazima liwe mali ya pafu moja. Kwao mzee mmoja analibeba peke yake kwa sababu nzumari ni moja. Mwalimu ana watu zaidi ya 30 wameketi wakingoja kazi.

Tukaanza na klarineti. Klarineti ina kipaji ambacho obo haina: inaweza kuanza kutoka kimya kabisa, sauti ikatokea bila mtu kujua imeanza lini. Kipimo cha 11, sekunde 30 tangu mwanzo, tukaifikisha obo kwenye noti ya D. Klarineti ya kwanza inaingia kwenye D hiyohiyo, chini ya obo, bila mwanzo unaosikika. Obo inaacha. Sikio linadhani obo imepoa rangi tu, kumbe mwenyewe ameshashusha mabega. Klarineti inasuka vipimo viwili vya lahani ileile, na obo inarudi kwenye A, noti ya katikati inayotii hata ukiianza polepole. Kurudi kwenye noti za chini kabisa kungekuwa hatari, maana huko obo haianzi kwa upole. Ama inagoma, ama inabweka.

Mara ya kwanza tulipojaribu, dada bado alikwama baada ya kurudi. Ndipo akatueleza jambo ambalo mimi na Mwalimu tulipaswa kumuuliza tangu mwanzo. Kipimo kimoja au viwili vya upole vinamtosha kutoa, havimtoshi kutoa na kuvuta kwa utulivu huku akijiandaa kwa noti ya kurudia. Desturi yake ni kugawa: katika pumziko la kwanza anatoa tu, anapiga kipande kifupi kwa hewa kidogo iliyobaki, na kifua kinakuwa chepesi, katika pumziko la pili ndipo anavuta. Akachukua penseli akaandika T (toa) na V (vuta) juu ya mstari. Kwa hiyo tukapanga makabidhiano mawili yaliyokaribiana, kipimo cha 12 na cha 16, badala ya moja refu. Halafu tena mawili baada ya kipimo cha 28. Obo inapiga, klarineti inapokea, obo inapiga kidogo, filimbi inapokea oktava moja juu, obo inarudi ikiwa mpya. Zile T na V nilizichapisha kwenye nota rasmi. Mwalimu aliona ni aibu, kama vile kuchapisha orodha ya soko pamoja na shairi. Nilishikilia, kwa sababu mpigaji wa pili wa konseto hii, popote atakapokuwa, ataokoa wiki za kutafuta.

Msaada mwingine ulitoka kwa Mozart. Katika konseto yake ya obo ya mwaka 1777, K. 314 katika orodha ya kazi zake, obo inaingia kwa kupanda ngazi haraka, kisha inashika C ya juu kwa vipimo vinne huku fidla zikizunguka chini yake. Kupiga noti moja iliyotulia kunachosha kidogo kuliko kufukuzana na noti za haraka, na bado msikilizaji husikia kitu kisicho na mwisho. Mwalimu aliichukua mbinu hiyo mzimamzima kipimo cha 33: obo inashika A, nyuzi ndizo zinazocheza lahani ya nzumari. Nakiri hicho ndicho kipande ninachokipenda zaidi katika kazi yote, ingawa mwenyewe anasema bado kinamnukia Ulaya.

Uzito wa okestra ulikuwa vita vingine. Nota za kwanza zilikuwa na tarumbeta 2, trombono 3, timpani na ngoma 3 za mkono. Sababu yake ilieleweka: uwanjani nzumari inazishinda ngoma. Lakini nzumari inazishinda kwa ukali ambao obo imeuacha ili ipate kunong'ona. Huwezi kudai vyote viwili. Tuliondoa ala zote za shaba, kama tarumbeta na trombono, tukabakisha pembe mbili tu, na pembe hizo tukazikataza kukaa katika eneo la obo wakati inapiga, maana zina mwili mnene na hufunika bila kukusudia. Midundo ya ngoma tukaigawa kwa nyuzi: viola wanadonoa kwa vidole, selo wanagonga nyuzi kwa mti wa upinde, dabo besi anashika pigo kubwa. Ikabaki chapuo moja, inayopigwa kwa ncha za vidole. Ule mpokezano wa ngoma ulisikika wazi zaidi ukiwa umetawanywa ukumbini kuliko ulivyokuwa kwenye ngoma tatu zilizobanana pembeni. Sisi wa viola, ambao kwa kawaida hulalamika kwamba hatuna la kufanya, safari hii tulilalamika kwamba vidole vinauma.

Obo za ndani ya okestra nazo ziliondoka. Huo ni utaratibu wa zamani: Strauss hakuweka obo nyingine nyuma ya mpigaji wake, na Mozart katika konseto ya klarineti ya 1791 hakuweka klarineti. Rangi ya mgeni wa heshima usiigawe mezani. Tatizo letu lilikuwa la kibinadamu: okestra ina wapiga obo wawili tu, mmoja ndiye mbele, na wa pili angekaa nyumbani. Dawa iliyopatikana ni kwamba wa pili ndiye anayetoa A ya kusawazishia ala mwanzoni, kisha katika sehemu ya tatu anapiga upatu. Aliukubali upatu huo kwa furaha iliyotutia wasiwasi.

Jambo la mwisho lenye uzito lilikuwa noti ya tatu ya ngazi. Nzumari haiipigi pale piano inapoiweka; iko katikati, chini kidogo ya ile angavu (ya ngazi ya meja) na juu ya ile nyonge (ya ngazi ya maina). Mwalimu alikuwa ameiandikia alama maalumu kwa okestra nzima, na matokeo kwenye zoezi yalikuwa watu 30 wenye maoni 30. Obo peke yake inaweza kuikunja, kwa midomo na kwa vidole vya kubadili. Basi tukaiondoa noti hiyo kwa wengine wote. Kazi iko kwenye D, na D na A ni nyuzi tupu kwa fidla, viola na selo vilevile. Nyuzi zinashika D na A pekee, tupu, bila ya tatu katikati. Obo inaiweka ya tatu yake inapotaka na hakuna wa kugombana nayo. Hapo ndipo niliposikia Kwale kwa mara ya kwanza, na ilikuja kwa kufuta noti zaidi ya 200.

Sehemu ya pili haikuwa na tatizo lolote la maana: imejengwa juu ya wimbo wa kubembeleza mtoto, na anayebembeleza huvuta pumzi. Tulibadili mwisho tu. Alikuwa ameuandika kwenye C ya chini, sauti ndogo kabisa, kitu ambacho obo haikupi. Tukaupandisha hadi A.

Onyesho lilikwenda vizuri, ingawa kasi ya sehemu ya tatu ilituponyoka. Dakika 2 za mwanzo zilipita bila mtu ukumbini kujua nani anapumua lini. Mzee mmoja wa Pwani alimwendea dada baadaye akamuuliza amefundishwa na nani kuzungusha pumzi, naye akamwelekeza kwa mpiga klarineti.

Sasa kuna mpango wa kuipiga Mombasa, na Mwalimu amenitumia ujumbe akitaka vipimo vya 12 na 13 virudishwe kwa obo, kwa kuwa huko chini hewa ni nzito. Nimemkatalia. Oksijeni itaongezeka, ni kweli, lakini tundu la ridi halitapanuka, na hewa chafu itakwama kifuani Mombasa kama inavyokwama Nairobi. Dada anasema yuko tayari kujaribu iwapo atapewa siku tatu za kukwangua ridi kulekule. Mwongozaji hajasema lolote. Nota za klarineti ya kwanza nimeziacha kama zilivyo.